Kilomita Mia Nne kwa Saa

Tulilisukuma wanne, saa tisa usiku,
tumebaki na soksi, zulia jeupe lisije likapata doa:
mimi, Fiorenzo, Adérito wa taa,
na Ludivine ndani, mikono kwenye usukani
uliojua kukata kushoto tu.
Kulia haukufundishwa. Fedha ziliishia kwenye rangi.
Basi tukauzunguka ukumbi mzima wa Geneva,
mabanda ya Wakorea, mabanda ya Wajerumani,
mlinzi aliyesinzia juu ya kikombe cha kahawa,
kushoto, tena kushoto, tena kushoto,
mpaka kulia kukapatikana.

Jukwaani kibao kilikwisha kututangulia:
"Nguvu, farasi elfu moja mia tatu.
Kasi, kilomita mia nne kwa saa."
Fiorenzo alikisoma huku anahema,
mkono mmoja kiunoni.
"Na hao farasi," akauliza, "leo wamelala wapi?"
Chini ya boneti palikuwa na mbao mbili
na mfuko wa mchanga, ili pua isiinuke.

Mimi ndiye niliyelichonga.
Miezi kumi na mmoja, Torino, karakana isiyo na dirisha,
udongo ukitoka tanurini ungali moto,
tukiubandika, tukiukwangua, tukiubandika.
Mchoraji wetu, Tancredi, umri wa mwanangu,
alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja begani mwa gari:
"Hapa pana mfupa. Utoe."
Nikatoa unene wa ukucha.
Kesho yake: "Umetoa na roho. Irudishe."

Waandishi wakimwuliza mstari ule wa begani kaupata wapi
huwaambia chui. Mara nyingine huwaambia upepo.
Mimi sisemi kitu, nalipwa kwa saa.
Lakini mstari ule ni shuka.
Mama yangu alishona viti vya magari madogo miaka ishirini na sita,
akaenda kazini kwa tramu, akarudi kwa tramu,
na Jumapili, dirishani, ghorofa ya tano,
alikung'uta shuka mara moja, likameza hewa,
na kabla halijaanza kushuka,
hapo. Hapo ndipo kisu changu kilipopita.

Saa nne asubuhi: moshi, ngoma, pazia.
Spika iliyofichwa uvunguni ikanguruma
mngurumo tulioazima kwa gari jingine.
Debe tupu, nilijisemea; lakini nywele za mikono zilinisimama,
mimi niliyeuweka ule mfuko wa mchanga kwa mikono hii hii.
Simu mia tatu zikainuliwa juu ya vichwa.
Mtoto mmoja, kabebwa mabegani, akauliza: "Linakwenda?"
Baba yake akamjibu haraka mno: "Sana."

Siku kumi na moja. Kisha turubai,
kisha ghala fulani nje ya mji, ambako nasikia
panya wamekula ngozi ya viti.

Miaka saba baadaye natoka dukani na vitunguu,
maegesho, mvua nyepesi,
gari la kijivu, dogo, la mtu wa kawaida,
kiti cha mtoto nyuma, makombo ya biskuti,
kifuniko cha gurudumu moja hakipo.
Begani mwake, kutoka mlango hadi taa ya nyuma,
mstari. Umefupishwa, umetiwa maji, wahasibu wameupitia,
lakini nilimjua mama.
Nikaweka vitunguu chini. Nikafumba macho.
Nikapitisha kiganja,
likapiga yowe, taa zote zikiwaka na kuzima,
maegesho mazima yakageuka kunitazama,
na safari hii sauti ilikuwa yake.